HAKI YA MZAZI ALIYEPOTEWA NA AKILI KWA UZEE

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, na sifa zote njema ni Zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad:

Somo letu la safari hii latokana na masuali mawili yaliyoletwa katika darasa la wanawake. Muulizaji yuwakaa na mamake mzee, ambaye kwa miaka mitatu sasa akili yake yapungua. Mama huyo humsahau bintiye jina, humdai dhahabu ambazo aliziuza yeye mwenyewe zamani, na kila akikasirika humwambia kwamba hana radhi naye duniani wala akhera. Binti ataka kujua: je, maneno hayo humpata? Na la pili, ndugu zake wanaume wataka mama atie dole gumba katika karatasi za shamba kabla hali yake haijazidi kuharibika. Je, yafaa?

Masuali haya si ya nyumba moja. Ni mitaa michache katika miji yetu isiyokuwa na nyumba yenye mzee wa namna hii. Na kwa kuwa watu huona haya kulisema jambo hili, kila nyumba hudhani ndiyo peke yake iliyojaribiwa, na kila mtoto huamua kwa ujinga wake yale ambayo sheria na elimu zimekwisha kuyafafanua. Kwa hivyo tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili kwa urefu.

UGONJWA HUU NI NINI?

Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Qur'ani, katika Sura ya An-Nahl aya ya 70 na katika Sura ya Al-Hajj aya ya 5, kwamba miongoni mwetu wako watakaorudishwa katika umri ulio dhaifu kabisa, hata mtu asijue kitu baada ya kuwa alikijua. Naye Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Mola wake na umri huo katika dua zake, kama ilivyopokewa na Bukhari. Basi jambo hili si geni katika dini yetu, wala si aibu. Lau lingekuwa aibu, lisingetajwa katika Kitabu ambacho twakisoma misikitini mwetu usiku na mchana.

Matabibu wa zama zetu wauita ugonjwa huu dimenshia. Nao wasema kwamba si jina la maradhi mamoja, bali ni jina la hali inayoletwa na maradhi mbalimbali yanayoharibu ubongo. Lililo kubwa katika hayo ni lile lililoeleza mara ya kwanza na tabibu wa Kijerumani, Alois Alzheimer, katika mwaka wa 1906, nalo lasababisha kiasi cha asilimia 60 mpaka 70 ya wagonjwa wote. La pili ni lile liletwalo na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na hili lafuatana sana na shinikizo la damu na kisukari, maradhi ambayo yameenea mno miongoni mwetu. Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba katika mwaka wa 2021 walikuwako wagonjwa wapatao milioni 57 ulimwenguni, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi zisizokuwa tajiri, kama hii yetu.

Hapa yapasa tuelewe jambo moja. Si kila mzee husibiwa na ugonjwa huu. Mzee akisahau alipoweka miwani yake, kisha akakumbuka, huo ni uzee. Lakini akisahau miwani ni kitu gani, au akapotea njia ya msikiti aliouendea kwa miaka 40, au akapika chai mara tatu kwa saa moja na asijue kuwa amepika, basi hayo ni maradhi, na mwenye maradhi hupelekwa kwa tabibu.

Tena hali hii ina daraja. Mwanzoni mtu husahau mambo ya jana na juzi, na ya ujana wake ayajua barabara. Kisha hupotewa na majina, na nyakati, na mahali. Kisha huhitaji kuoshwa, na kuvishwa, na kulishwa. Mwisho wake huenda asiseme kabisa. Daraja hizi hupita kwa miaka mingi, na kila moja ina hukumu yake, kama tutakavyoona.

SI UCHAWI

Ewe ndugu msomaji, miongoni mwa mambo yanayotia huzuni ni kuona kwamba mzee akianza kusema peke yake au kutoka nje usiku, la kwanza watu wafanyalo ni kumwita mganga. Huambiwa ana pepo, au amerogwa na mke mwenza, au yeye mwenyewe ndiye mchawi na sasa uchawi wake wamrudia. Basi huchinjwa mbuzi, na hutolewa fedha nyingi, na hupigwa ngoma usiku kucha juu ya kichwa cha mgonjwa ambaye dawa yake ya kwanza ni utulivu! Na mgonjwa huzidi kuharibika, na mganga huzidi kutajirika.

Wala jambo hili haliishi katika hasara ya mali. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa na wengine wamekimbia majumbani mwao kwa kutuhumiwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo mna tamaa ya ardhi. Mzee anayetangatanga usiku hali hajui alipo, na anayesema maneno yasiyofahamika, ndiye aliye rahisi mno kutuhumiwa. Atakayelieneza neno hilo, hata kwa mzaha barazani, na ajue kwamba amenyoosha kidole kinachoweza kumwaga damu ya mtu asiyekuwa na kosa.

Sisi hatukatazi kumsomea mgonjwa Qur'ani na dua zilizothubutu, kwani hayo ni katika mwenendo wa Mtume wetu. Tunalokataza ni ushirikina na udanganyifu, na kuacha tiba kwa sababu yake. Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha masahaba zake watafute tiba, akawajulisha kwamba kila ugonjwa umeteremshiwa dawa yake isipokuwa ukongwe. Ameipokea hadithi hiyo Abu Dawud na Tirmidhi. Itazameni hekima yake: ukongwe wenyewe hauna dawa, na mpaka leo matabibu hawajapata dawa ya kuuondoa ugonjwa huu wa Alzheimer. Lakini yako maradhi mengine yanayofanana nao nayo yana dawa. Upungufu wa baadhi ya vitamini, na ugonjwa wa tezi ya shingo, na huzuni nzito, na hata dawa nyingi zilizochanganywa ovyo, zaweza kumsahaulisha mtu, na akitibiwa hurudiwa na fahamu zake. Na mzee akibadilika kwa ghafula, jana mzima na leo hamjui mtu, basi hilo ni jambo la haraka. Huenda ana homa ya ndani, au maradhi ya mkojo, au amepungukiwa na maji mwilini. Na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto aliyempeleka mamake kwa mganga akaacha kumpeleka kwa tabibu, hakika amemdhulumu.

JE, LAANA YA MZAZI ASIYE NA AKILI HUPATA?

Sasa twaja kwenye suali la yule dada. Radhi ya wazazi ni jambo kubwa katika dini, wala hatutaki mtu yeyote alidharau kwa sababu ya somo hili. Lakini Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kalamu ya kuandika madhambi imeondolewa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyepotewa na akili mpaka akili imrudie. Basi mama ambaye akili yake imefunikwa na ugonjwa haandikiwi dhambi kwa alisemalo, na maneno yake hayana hukumu ya maneno ya mwenye akili. Talaka ya mtu wa namna hiyo haipiti, na mauzo yake hayasihi, na zawadi yake haisihi. Basi itakuwaje maneno yake ya hasira yamfunge mtoto wake mwema?

Tena Mwenyezi Mungu si dhalimu. Katika Sura ya Al-Isra, baada ya kuamrisha wema kwa wazazi wanaofikia uzee, amefuatisha katika aya ya 25 ya kwamba Yeye ayajua yaliyomo nafsini mwetu, na kwamba huwasamehe wale wanaorejea Kwake ikiwa ni watu wema. Wanazuoni wa tafsiri wameifahamu aya hii kuwa ni faraja kwa mtoto ambaye moyo wake ni safi na wazazi wake, kisha likamtoka la kumtoka.

Dada yangu, mama yako hakulaani wewe. Yeye ameweka kitu mahali, akasahau kwamba ameweka, na akili iliyopungua haiwezi kukubali kwamba imesahau, kwa hivyo hujaza pengo lile kwa kusema kwamba kimeibiwa. Naye humtuhumu aliye karibu naye zaidi, kwa sababu huyo ndiye amwonaye kila saa. Ndugu zako wanaokuja siku ya Idi na vifurushi vya zawadi hawatuhumiwi kwa kuwa hawapo. Basi usiichukue tuhuma hiyo kuwa ni alama ya kuchukiwa. Usibishane naye, wala usiape mbele yake. Mwambie, "Haya mama, na tuitafute pamoja," kisha tafuta naye, na baada ya kitambo mpe kazi ya kupeta mchele au kukunja leso. Hasira yake itapita kabla hujamaliza kujitetea.

NAMNA YA KUKAA NAYE

Mwenyezi Mungu ametukataza, katika aya ya 23 ya Sura hiyo ya Al-Isra, tusiwatolee wazazi wetu hata sauti ndogo ya kuchukizwa, na akaamrisha tuseme nao kwa maneno ya heshima. Na lau tungalizingatia, tungaliona kwamba katazo hili limetajwa pamoja na uzee wao makusudi, kwa kuwa uzeeni ndiko yaliko mambo yanayochosha. Kumheshimu mzazi ambaye bado ana nguvu, na mali, na busara, ni jambo jepesi. Mtihani ni kumheshimu akiwa amekuuliza suali moja mara ishirini tangu alfajiri.

Basi haya ni machache katika adabu za jambo hili.

Kwanza, sema naye kwa utulivu, ukiwa mbele ya uso wake, kwa maneno machache, na jambo moja kwa mara moja. Usimwambie, "Mbona nimekwisha kukuambia?" kwani yeye hajui kwamba amekwisha kuambiwa, na kwake kila mara ni mara ya kwanza. Wala usimfanye kioja kwa wageni kwa kumwuliza, "Huyu ni nani? Mtaje jina!" Mlete mgeni na umtaje wewe: "Mama, huyu ni Fatuma mtoto wa dada yako, amekuja kukuamkia." Hapo umemsaidia, na umemsitiri.

Pili, usiseme mambo yake mbele yake kana kwamba hayupo. Huenda hafahamu maneno, lakini aifahamu sura ya mtu aliyekunja uso, na aifahamu sauti ya dharau. Kumbukumbu hutoka, na hisia hubaki.

Tatu, huenda akamwuliza mumewe aliyefariki zamani: "Babako yuko wapi, mbona hajarudi?" Hapa watu hutatizika. Ukimwambia amekufa, humlilia upya kama kwamba ndiyo kwanza apata habari, na baada ya saa moja atauliza tena. Na ukimwambia yuaja sasa hivi, umesema uwongo. Njia iliyo salama ni kutomjeruhi na kutomdanganya. Mwambie, "Wamkumbuka sana baba, mama. Hebu nieleze, alikuwa akipenda chakula gani?" Naye atakueleza, na moyo wake utatulia, kwani alichokuwa akitafuta si habari bali ni faraja.

Nne, mpangie siku yake iwe ya namna moja: kuamka, kuoga, kula, na kupumzika kwa saa zile zile. Wengi katika wagonjwa hawa huzidiwa na wasiwasi baina ya Alasiri na Maghribi, jua likituwa. Basi saa hiyo washa taa mapema, punguza kelele za televisheni na za watoto, ukae naye. Msomee Qur'ani kwa sauti ya chini. Utaona ajabu: mzee aliyesahau majina ya watoto wake huifuata Fatiha harufu kwa harufu, kwa kuwa aliihifadhi utotoni, na yaliyohifadhiwa mwanzo ndiyo hutoka mwisho.

Tano, mlinde na hatari. Funika kisima, weka mbali mafuta ya taa na dawa, na usimwache peke yake na jiko la makaa au la gesi. Weka komeo la mlango wa nje mahali asipopazoea. Mtie katika nguo yake karatasi yenye nambari yako ya simu, na uwaambie majirani na mwenye duka kwamba mama ni mgonjwa, wakimwona yuwatoka wamrejeshe kwa upole. Lakini kumfunga kamba kitandani, au kumfungia chumbani kutwa nzima kama mnyama, hilo si kumlinda. Hilo ni dhuluma, na haki ya mzazi haiondoki kwa kuondoka akili yake.

Sita, akiwa hawezi tena kuinuka, mgeuze ubavu kila baada ya saa mbili, na umwekee ngozi yake kavu, asitoke vidonda vya kulala. Mlishe akiwa ameketi wima, kwa vijiko vidogo, chakula laini, wala usimharakishe, kwani kumeza huwa kuzito kwake. Na katika kumwosha, yafaa mwanamke aoshwe na mwanamke na mwanamume aoshwe na mwanamume. Asipopatikana, dharura huruhusu mtoto amwoshe mzazi wake, hali ya kuinamisha macho na kumsitiri kwa leso, na ajizuie na lile lisilokuwa la haja.

SALA YAKE NA SAUMU YAKE

Watu hukosea hapa pande mbili. Wako wanaomlazimisha mzee sala hali ya kuwa hajui asemalo, wakamkemea akisahau rakaa, na wako wanaomwambia kwamba hana sala tangu siku ya kwanza aliposahau funguo. Kanuni ni hii: hukumu haifuati jina la ugonjwa, bali yafuata hali ya akili.

Akiwa akili yake iko, ijapokuwa ni ya kusahausahau, sala ni wajibu kwake kwa kadiri awezavyo, akisimama au akikaa au akilala. Na lililo jema ni mtoto asali naye jamaa, atangulie kwa sauti ili mzee amfuate. Akiwa hawezi kuzuia mkojo, atawadhe baada ya wakati kuingia, kisha asali, na udhuru wake wakubaliwa. Na akiwa akili huja na huenda, basi huwajibika zinapomjia fahamu. Lakini akili ikimtoka kabisa, haimlazimu sala wala kuilipa, wala hapana kafara juu ya watoto wake.

Katika saumu, mzee mwenye akili asiyeweza kufunga kwa ukongwe, atatoa kibaba cha chakula kwa kila siku moja. Ama aliyepotewa na akili kabisa, hana saumu wala hana kibaba, kwani hakuamrishwa. Na zaka ya mali yake, katika madhehebu ya Imamu Shafi, hubaki katika mali hiyo, naye msimamizi wake ndiye aitoaye kwa niaba yake.

Basi ukimwona mama amekaa juu ya msala ameielekea mashariki, akitaja maneno yasiyokuwa na mpango, usimpigie kelele. Yeye aliisali sala yake miaka 60. Mgeuze kwa upole, au mwache na Mola wake.

MALI YAKE

Na suali la pili lilikuwa la shamba. Jawabu ni kwamba haifai, wala haisihi. Mwenye kuuza, au kutoa, au kuandika wakfu, hapana budi awe na akili ya kufahamu alifanyalo. Dole gumba la mtu asiyejua leo ni siku gani halimtoi shamba katika milki yake, hata karatasi zikiwa na mihuri kumi. Aliyechukua kwa njia hiyo amekula mali ya mtu kwa batili, na akifa mama huyo, amewadhulumu warithi wengine juu ya dhuluma ya kwanza. Na mara nyingi anayedhulumiwa ni yule yule binti aliyekuwa akiosha na kulisha, naye huambiwa kwamba mama "alikwisha kugawanya mwenyewe."

Tena watu wengi hudhani kwamba mtoto mkubwa wa kiume huwa msimamizi wa mali ya mzazi wake kwa kuwa ni mkubwa tu. Sivyo. Katika fiqhi ya Shafi usimamizi wa mali ya aliyepotewa na akili ni wa baba, kisha babu, kisha wasii wao, na kwa mzee ambao wote hao wamekwisha kufa, jambo hurudi kwa hakimu. Hapa Kenya, Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 170, imeipa Mahakama ya Kadhi mambo ya hali za watu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, nayo Sheria ya Afya ya Akili imeweka njia ya kuomba mahakamani msimamizi wa mgonjwa na wa mali yake. Basi enendeni kwa Kadhi mpate shauri la kisheria, na kwa wakili mpate njia ya mahakama, na msimamizi atakayewekwa aandike kila shilingi iingiayo na itokayo. Mali ya mama ni ya kumtunzia mama. Chakula chake, dawa zake na mshahara wa mtumishi wake vitatoka humo kabla ya mtu yeyote kuota mirathi.

Na wewe ambaye mzazi wako ndiyo kwanza aanza kusahau, na akili yake ingali pamoja naye, huu ndio wakati. Mketishe mbele ya mashahidi waadilifu, aseme madeni yake na amana alizonazo, na akitaka kuusia, ausie yasiyozidi thuluthi kwa asiyekuwa mrithi wake. Mwaka ujao huenda usipatikane wakati huo.

MZIGO NI WA NANI?

Ndugu zangu, hapa ndipo ninapotaka mnisikilize zaidi. Desturi yetu imekuwa kwamba mzazi akiugua, mzigo wote hutupiwa binti mmoja, na aghalabu ni yule asiyeolewa au aliyeachwa. Yeye huacha kazi yake, na usingizi wake, na pengine posa iliyomjia. Nduguze hutuma fedha kidogo kila mwisho wa mwezi na husema, "Wewe una bahati, watengeneza pepo yako." Kama ni pepo kweli, mbona nyinyi mwaikimbia?

Wema kwa wazazi ni fardhi juu ya kila mtoto, mwanamume na mwanamke. Mtume (S.A.W.) amemwombea hizaya mtu aliyewadiriki wazazi wake uzeeni, mmoja wao au wote wawili, kisha asiingie peponi kwa sababu yao, kama ilivyopokewa na Muslim. Hakumtaja binti peke yake. Na katika hadithi mashuhuri ya watu watatu waliozibiwa na jiwe pangoni, aliyesimama usiku mzima na kikombe cha maziwa akingoja wazazi wake waamke alikuwa ni mwanamume, mwenye mke na watoto na mifugo.

Nafaka ya mzazi asiyekuwa na mali ni juu ya watoto wake wenye uwezo, na mafakihi wametaja kwamba ujira wa mtumishi huingia humo ikiwa mzazi amhitaji kwa uzee au maradhi. Wala mtu asimtwike mkewe jambo hili akadhani ametekeleza. Mke akimhudumia mama mkwe wake, hiyo ni hisani yake na ana thawabu kubwa, lakini si deni lake. Deni ni la mume.

Basi na wakutane watoto wote, wagawanye. Mwenye mali atoe mali, mwenye nafasi atoe usiku mmoja au mawili kila wiki, na aliye mbali Nairobi au Uarabuni aje likizoni mwake, si kuja kutazama, bali kuja kushika zamu ili nduguye apumzike. Yaandikeni hayo, kwani maneno ya mkutanoni husahauliwa hata na walio wazima.

Na wewe unayehudumu, mwili wako una haki juu yako. Hilo ni fundisho la Mtume (S.A.W.) kwa Abdallah bin Amr alipozidisha ibada hata akajidhoofisha. Basi ikiwa ibada yenyewe ina mpaka, na kumhudumia mzazi ni ibada, nayo pia yataka kipimo. Lala. Kula. Toka uende darasani au kwa jamaa yako saa moja. Ukiona hasira yakupanda hata waogopa mkono wako, mwache mzee mahali pa salama, toka chumbani, tawadha, kisha mwite mtu akusaidie. Kuomba msaada si uasi kwa mzazi. Uasi ni kumwacha mikononi mwa mtu aliyechoka mpaka akampiga.

Twafupisha tuliyoyaeleza. Mzazi aliyepotewa na akili hakurogwa, ni mgonjwa. Maneno yake ya hasira hayamfungi mtoto mwema. Mali yake ni amana, wala haiguswi kwa dole gumba la hila. Na huduma yake ni ya watoto wote. Atakayelisoma somo hili naye ana mzazi wa namna hii, na awaite nduguze kabla ya Ijumaa ijayo, wakae, wagawanye zamu. Na asiyekuwa naye, na ampelekee mzazi wake kupimwa shinikizo la damu na sukari, naye ajipime, kwani mengi katika maradhi haya huanzia huko.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuepushe na umri wa udhaifu, na awasamehe wazazi wetu, walio hai na waliotangulia, na awajaalie subira wale wanaokesha nao. Amin.

Wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.